Msukule Aliyeitika Marahaba

Mwaka 2008 niliahidiwa shilingi elfu tano, sahani ya wali maharage na nauli ya kunirudisha Gongo la Mboto ili niwe maiti inayotembea. Elfu tano sijaiona mpaka leo. Wali niliupata, na nikapata usiku mmoja unaonifanya, hadi sasa nilivyoota mvi za kweli, nizipite picha kubwa za Hollywood nikatafute zile za wafu zilizopigwa kwa hela ya vocha.

Dairekta wetu alikuwa fundi redio. Alinunua Kariakoo DVD moja ya magendo yenye picha chungu nzima ndani yake, mojawapo ikiwa Braindead ya Peter Jackson, iliyotengenezwa New Zealand mwaka 1992. Kwa asiyeijua: kijana mpole anayemwogopa mama yake anajikuta na nyumba iliyojaa wafu, na mwishoni anaingia sebuleni kabeba mashine ya kukatia nyasi kifuani, anawasaga wote mpaka yeye mwenyewe anateleza kwenye damu. Tuliitazama bandani kwake, tumebanana katikati ya spika zilizotumbuliwa. Tulianza kwa kuziba macho, tukaishia kushikana mabega kwa kicheko. Yeye peke yake hakucheka. Alikuwa anapiga hesabu.

"Hii tunaiweza," akasema.

Hakuwa amekosea sana. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba Jackson huyohuyo, kabla hajawa mtu, alipiga picha yake ya kwanza na rafiki zake siku za mapumziko kwa karibu miaka minne, na vinyago vya kuvaa usoni akavioka kwenye oveni ya mama yake. Na George Romero, kule Pennsylvania, kwenye ile picha ya mwaka 1968 iliyoanzisha mambo yote haya, damu yake ilikuwa shira ya chokoleti. Picha ilikuwa nyeusi na nyeupe, nani angejua?

Yetu ilikuwa ya rangi, kwa hiyo chokoleti isingetusaidia, na mashine ya kukatia nyasi tusingeipata. Tulikuwa na fyekeo. Damu tulipika wenyewe: sukari ikachemka mpaka ikawa nzito kama shira ya kaimati, ikatiwa rangi nyekundu ya chakula. Usoni tukapakwa unga wa muhogo, na nywele vilevile, tukatoka wazee watupu. Ambacho hakuna aliyekifikiria ni sisimizi. Nilikuwa nimelala chali kati ya matuta ya mihogo nikisubiri kufufuka, taa imenielekea machoni, huku msafara mzima ukipanda kutoka kwenye kola kuelekea sikioni. Kila nilipojikuna, kameramani alifoka kwamba maiti haijikuni. Naye alikuwa na haraka zake. Kamera ilikuwa ya mpiga video za harusi, na Jumamosi ilikuwa na sendofu.

Shamba lenyewe lilikuwa mbele kidogo ya Pugu Kajiungeni. Mjumbe wa nyumba kumi alishapewa taarifa, na taarifa hiyo ilikuwa na maana kuliko kamera. Kwetu si mzaha kuonekana usiku una uso mweupe kwenye shamba la mtu. Watu wamepigwa kwa kushukiwa tu, wengine wameuawa. Kwa hiyo chini ya ule unga kulikuwa na woga ambao dairekta hakuulipia.

Hadithi aliyoiandika haikuwa na utani hata kidogo. Misukule wanatoka shambani kwa mchawi, wanavamia msiba, wanakula watu, stelingi anakuja na fyekeo. Alitaka watu wazimie ukumbini.

Saa tano hivi jenereta likakata mafuta. Mmoja akatumwa petroli. Sisi misukule watatu tukakaa kando ya njia chini ya mwembe, tukafungua mfuko wetu wa mihogo ya kukaanga, tukala kwa mwanga wa simu ya tochi. Ndipo akaja mzee mmoja anatoka kwenye mnazi, anakokota baiskeli, au tuseme baiskeli ndiyo iliyokuwa inamkokota. Akafika usawa wetu. Akaona vichwa vitatu vyeupe na videvu vitatu vinavyochuruzika wekundu. Akasimama, akavua kofia.

"Shikamooni, wazee wangu."

Nilikuwa na miaka ishirini na kidogo na muhogo mdomoni. Lakini mtoto aliyelelewa Uswahilini akisikia shikamoo hafikiri, mdomo unajibu wenyewe.

"Marahaba."

Wenzangu wakaniangalia. Mzee akasogea, akainama, akanimulika na macho yake.

"Umesemaje?"

"Marahaba, mzee."

"Msukule gani ana ulimi?"

Hapo alikuwa na haki. Kila mtu anajua msukule hukatwa ulimi asije akataja aliyemchukua. Hofu yote ikamtoka, pombe ikabaki peke yake. Akatuita wezi wa mihogo. Akachukua kipande kwenye mfuko wetu kiwe ushahidi, akakionja, akakuta kina chumvi na pilipili, akachukua na cha pili.

Dairekta alikuja mbio, nikadhani anakuja kuomba radhi. Alikuwa karibu kulia kwa sababu kamera haikuwaka. Akamsihi mzee arudie yote, tangu kofia. Wakaelewana elfu tatu, taslimu, mkononi kwanza, na nina mashaka makubwa ilitoka kwenye elfu tano yangu.

Petroli ikaja, taa ikawaka, na mzee akashindwa kabisa kuogopa. Alitusalimia kama anayepita sokoni. Mara ya pili akasimama katikati, akamgeukia dairekta.

"Hawa wanakwenda wapi?"

Tulikuwa tunatembea kama tulivyoona kwenye DVD, mikono mbele, mguu mmoja unaburuzwa.

"Wanakwenda kula watu, mzee."

"Msukule hali watu. Anakula pumba. Msukule yuko kazini." Akatutafutia majembe kwa mwenye shamba. Akatupanga mstari, akatuinamisha, akatukataza kuinua uso. "Mnalima. Hata nikipita, mnalima."

Sikujua wakati ule kwamba alikuwa anaturudisha mwanzo wa mambo. White Zombie ya mwaka 1932, inayosimulia Haiti, ina wafu wanaosukuma kinu cha miwa usiku kucha. Wanafanya kazi ya mtu, hawamli mtu. Kula watu kulikuja na Romero. Lakini dairekta, ambaye alikuwa mbishi wa kutupwa, aliiona tofauti palepale. Akasema piga.

Mzee akaja na baiskeli yake. Sisi tunalima. "Shikamooni, wazee wangu." Tunalima. Akarudia, kwa sauti ya juu zaidi. Tunalima, majembe yanapiga pamoja, tu, tu, tu. Mara ya tatu sauti ikamkatika katikati, na baiskeli ikaanza kulia minyororo kwa jinsi mikono ilivyokuwa inamtetemeka. Mtu huyu alikuwa ametupanga mwenyewe, ametupa majembe mwenyewe, ameonja mihogo yetu, na sasa alikuwa anatuogopa. Nywele zilinisimama chini ya unga. Na ilikuwa zamu yangu, kwa hiyo nikasema, bila kuinua uso:

"Marahaba."

Aliangusha baiskeli. Kameramani alicheka mpaka picha ikacheza, na ikabaki hivyohivyo kwenye kanda, inacheza.

Usiku ule msiba ukafutwa, watu wa kuliwa wakarudishwa makwao. Tukapiga misukule wanaolalamikia pumba, na stelingi anayefika na fyekeo lake kuua, halafu anajikuta kapewa tuta lake la kupalilia. Hakuna kilichokuwa kwenye karatasi. Nimeona picha nyingi za namna hii tangu hapo, na ninayoipenda kuliko zote ni One Cut of the Dead ya Shinichiro Ueda, ya Japani mwaka 2017, iliyogharimu kama yeni milioni 3. Inaanza kwa dakika 37 zisizokatwa hata mara moja, zimejaa vitu unavyovihesabu kuwa makosa, halafu inakuonyesha watu waliokuwa wanahangaika nyuma ya kila kosa. Mke wangu alicheka. Mimi nilikuwa nafuta machozi, na sikuweza kumweleza habari za sisimizi. Picha ya mabilioni inaficha kila mshono. Utaogopa ikitaka uogope, basi. Hii ya bei rahisi unaona unga unapukutika kwenye nyusi, unajua kabisa huyu ni mtoto wa mtu na kesho ana kazi, na bado kuna sekunde moja unashtuka.

Yetu ilionyeshwa kwenye kibanda umiza kimoja cha Gongo la Mboto, kiingilio shilingi mia mbili. Palipofika pa marahaba, mabenchi yalihama. Watu waliomba irudishwe nyuma, ikarudishwa, wakacheka upya. Mzee wetu alikuwa mbele kabisa, kavaa kanzu safi, na alikuwa amekasirika.

"Mnacheka nini?" akasimama mbele ya televisheni. "Mimi pale naogopa kweli!"

Wakamwambia akae, anaziba. Hakukaa. Alimtafuta dairekta kwa macho gizani, akataka kujua sehemu ya pili inapigwa lini, na kwamba safari hii bei si ile.