Laki moja ilikataliwa Namanga

Konda alisema basi litasimama mpakani Namanga dakika kumi. Abiria mmoja hakuwa na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, tukakaa mpaka jua likatuchoma. Chai na chapati nikauziwa elfu mbili na mia tano, chapati yenyewe ya jana.

Kina mama wa Kimaasai walishalizingira basi, bangili zinapenyezwa madirishani. Nikajibanza kivulini kwa mama mmoja mtu mzima ambaye hakuhangaika na madirisha. Alikuwa anatunga, shanga kazimwaga kwenye mfuniko wa ndoo. Za Ucheki hizo, akaniambia, punje zake sawasawa. Za Kichina zinapauka. Rangi alizitaja haraka haraka kama anavyowatajia watalii: nyekundu damu, nyeupe maziwa, buluu mbingu yenye mvua, kijani majani ya malisho. Alipofika kwenye kazi iliyokuwa mkononi, akapunguza mwendo. Ilikuwa ya binti yake anayeolewa, duara pana la shingoni lenye nyuzi za kushuka hadi magotini.

"Atatembeaje, mama?"

"Polepole. Anakimbilia wapi?"

Jirani yangu wa kiti, kijana wa miwani ya jua, akaviacha vyote vilivyopangwa chini, akanyooshea kidole masikio ya mama. Zilining'inia shaba mbili zilizoviringishwa, zimeng'aa kwa kuvaliwa.

"Hizo bei gani?"

"Haziuzwi, mwanangu."

Akataja elfu themanini. Akapanda hadi laki. Mama akacheka mpaka wenzake wakasogea.

"Surutia hizi, za mke wa mtu. Kijana wangu alipotahiriwa nilimvisha, akapona, akanirudishia. Wewe unatahiriwa lini, nikuazime?"

Kijana alirudi kitini bila kuaga.

Mimi laki ile ilinikaa kichwani hadi Kajiado. Kwetu Tanga dhahabu ya mama ni benki: bangili moja ilinilipia kidato cha kwanza, mkufu ukageuka mabati. Hakuna aliyelia, wala aliyeuliza vimeenda wapi.

Nairobi tuliingia usiku. Kwenye harusi niliyoifuata huko, binamu yangu aling'aa kuanzia paji la uso hadi viganja, mashangazi wakapiga vigelegele. Seti yote ya kukodi, inarudi dukani Jumatatu kabla ya saa sita, na kodi yake imezidi nauli yangu ya kwenda na kurudi.