Mfupa wa Doa

Pasaka ya mwaka juzi tulichinja mbuzi. Jiko la mkaa lilikuwa uani tangu saa nne asubuhi, wageni wengi, na kila aliyemaliza ubavu wake alimrushia Doa, mbwa wetu, mfupa. Hata mimi nilimrushia. Ndivyo tulivyokua wote: mbwa wa nyumbani anakula ugali wa dona, dagaa, na mifupa ya mezani.

Kesho yake hakutoka bandani. Nilimkuta anachuchumaa, anajikamua, hakitoki kitu. Jioni akatoa kidogo, kigumu kama chokaa iliyokauka, na juu yake kuna damu. Daktari wa mifugo alimpiga picha, akamlaza usingizi, akamfanyia upasuaji. Baadaye alinionyesha alichokitoa: vigae viwili vya ubavu wa kuchoma, kila kimoja urefu wa kidole changu cha mwisho. Mimi ni fundi cherehani, nashika sindano kila siku. Zile ncha zilikuwa kama sindano namba 18, ile ya kushonea jinzi.

Nilijua ataniambia mifupa basi. Swali lake la kwanza likawa, "Mama, ilikuwa imepikwa?"

Niliporudi nyumbani nikajaribu mwenyewe. Nilichukua bawa moja bichi la kuku na jingine la kuchoma, nikatoa nyama, nikabana kila mfupa kwa koleo. Ule mbichi ulijikunja kwanza, halafu ukapondeka, ukabaki umeshikana kwa nyuzinyuzi zake. Wa kuchoma ulilia ta!, ukachanika kwa urefu, ukaacha ncha pande zote mbili. Moto unakausha maji ya mfupa na kuharibu ile nyuzi inayoufanya unyumbuke. Tangu siku hiyo mifupa ya choma, ya supu na ya pilau inaingia kwenye ndoo yenye mfuniko, na mgeni akiinua mkono kutaka kurusha namwambia kwa heshima, naomba usimpe.

Mfupa mbichi nao una masharti yake, na yanaanzia bucha.

Kijana wa bucha ninakonunua hapa Tengeru, Arusha, anakata kwa shoka juu ya gogo. Mfupa uliopigwa shoka una vibanzi hata kama ni mbichi, na hilo sikulijua mpaka nilipoupitisha kidole. Sasa nikifika tu ananiuliza, "Shikamoo mama, leo nikukatie?" Namjibu, "Marahaba baba. Usikate, nipe hivyo hivyo." Nachukua shingo nzima ya mbuzi, au kipande kikubwa cha kidari kile chenye gegedu nyingi, na nyama iwe imeshika mfupa kweli kweli. Nyama ndiyo inayomfanya mbwa achune polepole badala ya kubugia.

Doa ana kilo 26. Kipande chochote kinachoweza kuingia kinywani mwake mara moja, kwake ni kidogo mno. Shingo ya kuku inamfaa mbwa mdogo anayetafuna. Mbwa mkubwa mwenye pupa anaimeza nzima, nayo inaweza kumkaba.

Kosa la upande wa pili ni mfupa wa paja na kongoro la ng'ombe. Watu wanaupenda kwa sababu unakaa siku nyingi. Lakini mfupa uliobeba ng'ombe mzima ni mgumu kiasi cha kupasua jino la mbwa. Gego lile kubwa la juu, analotumia kukatia, ndilo linalopasuka, linabanduka ubavu mzima, na mbwa anavumilia maumivu kimya mwezi mzima wewe hujui. Na ule unaokatwa kwa msumeno ukawa kama bangili yenye uboho katikati, ulimi wa mbwa unafuata uboho, bangili inateleza nyuma ya meno ya chonge ya chini, na hapo hatoki bila daktari.

Sasa naomba unisikilize vizuri kwenye hili, hasa kama una mifugo au unaishi karibu na machinjio. Mapafu na maini mabichi, usimpe mbwa. Ukiona pafu lina malengelenge yenye maji, ndani yake mna mbegu za tegu mdogo sana, asiyefika hata sentimita moja. Mbwa akila, tegu wanakulia kwenye utumbo wake na mayai yanatoka na kinyesi. Mtoto anacheza na mbwa, anashika manyoya, anakula bila kunawa. Miaka inapita, ndipo mfuko wa maji unaonekana kwenye ini au pafu la mtoto. Turkana kule Kenya ni miongoni mwa sehemu zilizopata kuwa na wagonjwa wengi zaidi wa ugonjwa huu duniani, na huku kwetu Kaskazini kwenye jamii za wafugaji upo. Nyama za ndani za kumpa Doa nachemsha mpaka zinaiva kabisa, na zenye malengelenge nazichoma moto au nazifukia kwenye shimo refu mbwa wasipofukua. Tena daktari amempangia dawa ya prazikwanteli kila wiki sita, maana tegu huyo anachukua kama muda huo kuanza kutoa mayai.

Siku za mfupa ni mbili, Jumatano na Jumamosi, jioni nikishafunga cherehani. Nampa ameshakula ugali wake nusu, kwa sababu mbwa mwenye njaa hatafuni. Namfungia uani peke yake. Mbwa wa jirani anabaki nje na wajukuu wanabaki ndani, kwani hata mbwa mpole ana haki yake juu ya mfupa. Mimi nakaa kwenye kigoda, simu mfukoni. Huwezi kumpa mfupa ukaenda sokoni.

Anaushika kwa miguu ya mbele miwili, kama mtu anayeshikilia kitambaa kisiteleze. Anageuza kichwa ubavu, anaingiza mfupa kule nyuma kwenye magego, jicho lenye doa la kahawia limefumba nusu. Kwanza unasikia nyama inachanika, halafu gegedu, kwach, kwach, polepole. Meno yake ya nyuma yaliyokuwa ya njano yamepungua ukoga.

Baada ya nusu saa, au mfupa ukibaki kipande cha kumezeka, namwita kwa dagaa mkononi. Anaacha mfupa, anapokea dagaa, naondoa mfupa. Ilichukua wiki kama tatu kumfundisha, nikianza na vitu asivyovijali sana. Sikuwahi kumpokonya kwa nguvu. Kisha namwaga maji ya sabuni sakafuni, naosha bakuli lake peke yake, nanawa mpaka kwenye kiwiko. Nyama mbichi ina vijidudu na friza haiviui, inavilaza tu. Binti yangu alipokuja kujifungulia kwangu, Doa alikula vya kupikwa tu miezi minne, bila mfupa.

Asubuhi naangalia kinyesi. Kikiwa cheupe na kinamomonyoka, mfupa umezidi, wiki hiyo naruka siku moja. Akitapika mara mbili tatu, akijikamua bure, akidondosha mate au kujikwaruza mdomo kwa makucha, sisubiri kuche.

Jumamosi iliyopita kijana wa bucha alikuwa ameshaniwekea shingo pembeni, ndani ya mfuko, nzima. Akaniambia kuna wateja wengine wawili sasa wanamwambia asikate.