Hoho iliyonichoma ulimi: kumbukumbu ya kutenga pilipili za mbegu

Mradi huu ulianza kwa aibu. Mwaka jana nilikausha mbegu za hoho nyekundu, nene, tamu, isiyo na dosari. Msimu uliofuata nikazipanda kwa kujiamini kabisa. Miche ikaota, ikachanua, kila kitu sawa. Tunda la kwanza likatoka refu kidogo na ganda jembamba. Nikaling'ata. Ulimi uliwaka.

Nilidhani nimechanganya bahasha. Baadaye ndipo nikaelewa. Ganda na nyama ya tunda ni mwili wa mmea mama, hazijali chavua imetoka kwa nani. Kinachochanganyika ni mbegu. Kwa hiyo hoho niliyoila mwaka jana ilikuwa tamu kweli, lakini baadhi ya mbegu zake tayari zilikuwa na baba mkali. Na ukali hautaki wazazi wawili: ukirithiwa upande mmoja tu unatosha, mmea utazaa matunda makali. Utamu unataka pande zote mbili zikubaliane.

Wiki ya 1

Ua la pilipili lina sehemu ya kiume na ya kike humo humo, na linaweza kujichavusha. Ndiyo sababu watu wengi, mimi nikiwamo, hatukuona haja ya kulilinda. Lakini nyuki hana habari na hilo. Vipimo vilivyochapishwa vya kiasi cha mbegu zinazochavushwa na mmea mwingine vinapishana vibaya mno, kutoka chini ya asilimia 10 hadi karibu 90, kutegemea aina, wadudu waliopo na jinsi ua lilivyoumbwa. Kuna maua ambayo ncha ya kike inachomoza kupita vifuko vya chavua. Hayo ni mlango wazi.

Nina mashina 6 ya hoho, 4 ya pilipili ndefu kali na 3 ya pilipili mbuzi. Hoho na ile ndefu ni spishi moja, Capsicum annuum, kwa hiyo mshukiwa wangu mkuu ni ile ndefu. Pilipili mbuzi ni Capsicum chinense. Utaijua kwa maua yanayotoka mawili au zaidi kwenye kifundo kimoja, wakati hoho hutoa moja moja. Hizi mbili nazo huchanganyika, ila kwa shida zaidi. Spishi nyingine, Capsicum pubescens, yenye maua ya zambarau na mbegu nyeusi, ndiyo isiyotaka undugu na hawa wengine, lakini sina.

Kutenganisha kwa umbali siwezi, kitalu changu kina hatua chache tu. Nimechagua vifuko vya kitambaa chepesi cha matundu madogo.

Wiki ya 2

Nimevalisha matawi 5 ya hoho. Kazi yenyewe si kuvalisha, ni kusafisha kwanza: kila ua lililokwisha kufunguka na kila kitunda kilichokwisha kutunga kwenye tawi hilo lazima kiondoke. Kilichofunguka jana huenda kilishatembelewa. Vidole vilisitasita, lakini nilikata vyote. Mdomo wa kifuko nimeufunga kwa uzi juu ya pamba kidogo, ili sisimizi wasipenye na uzi usikate gome.

Nilijaribu pia mfuko mmoja wa plastiki. Ulitoa jasho ndani, na siku ya tatu maua yalikuwa yameoza. Tusizungumzie tena.

Wiki ya 3

Maua yanadondoka. Nilihesabu 11 ndani ya kifuko kimoja.

Joto ni sababu mojawapo. Mchana ukizidi nyuzi 32 au usiku ukibaki juu ya 24, pilipili huangusha maua hata bila kifuko. Nimesogeza kivuli chepesi juu ya mashina wakati wa jua kali. Lakini naona kulikuwa na jambo la pili: chavua inahitaji mtikiso. Nje, upepo na wadudu hufanya kazi hiyo bure. Ndani ya kifuko tawi limetulia tuli. Sasa kila asubuhi, maua yakishafunguka na umande ukikauka, napiga shina kwa kidole mara kumi hivi. Ni desturi ya kipuuzi kuitazama, lakini baada ya siku nne vikonyo vya maua vilianza kunenepa badala ya kuwa njano.

Wiki ya 4

Nilidhani nimeshinda. Leo nimefungua kifuko cha tatu nikakuta vidukari wamejaa chini ya majani, wanene, wametulia kama wenye nyumba. Kifuko kinachozuia nyuki kinazuia pia wadudu wanaokula vidukari. Mimi ndiye niliyewajengea ngome. Nimewaosha kwa maji, nikawasugua kwa kidole, nikafunga tena. Kuanzia sasa nakagua majani kabla ya kuvalisha, na kila siku ya tatu baada ya hapo.

Kwa sababu hiyo nimeanza kujaribu gundi. Unachagua tumba lililovimba na kuwa jeupe, ambalo litafunguka kesho, unapaka tone la gundi nyeupe ya maji kwenye ncha petali zisiachane. Ua linajichavusha likiwa limefungwa. Hakuna kifuko, hakuna vidukari, hakuna joto. Ubaya wake ni kwamba petali zikikauka hubaki kama kofia juu ya kitunda, inabidi kuitoa kwa upole. Matumba 15 nimepaka, 6 yametunga.

Wiki ya 6

Vitunda vikifikia ukubwa wa punje ya mahindi na petali zikiwa zimeanguka, ulinzi hauna kazi tena, kwa hiyo nimetoa vifuko. Kila kitunda nimekifunga uzi kwenye kikonyo.

Uzi mwekundu. Usinicheke.

Wiki ya 9

Matunda yameanza kuiva, na uzi mwekundu hauonekani kabisa kati ya hoho nyekundu. Nimevuna mawili ya mbegu nikayapeleka jikoni nikiwaza mengine. Nimekumbuka yakiwa yameshakatwa, na mbegu zimechanganyika na za matunda ya kawaida. Yaliyobaki yana uzi wa buluu sasa.

Wiki ya 12

Nimeacha matunda shinani hadi yaive kabisa, kisha nikayaweka siku chache ndani kabla ya kuyapasua. Mbegu nimezitandaza kwenye sahani, kivulini, penye hewa. Ziko tayari zinapovunjika ukizikunja. Zikipinda tu, bado. Kila tunda lina bahasha yake, na juu nimeandika njia: kifuko au gundi. Nikipata tunda moja bovu sitaki kutupa zote.

Wiki ya 34

Jaribio. Nilipanda mimea 4 kutoka kila moja ya bahasha tatu: mbili za kifuko, moja ya gundi. Hapa hoho ina faida ambayo pilipili kali haina. Kwa kuwa ukali hujionyesha hata ukitoka kwa mzazi mmoja, ulimi unatosha kuwa kipimo. Mwenye kutunza mbegu za pilipili kali akionja hatajua kitu, itamlazimu asubiri umbo.

Tunda la kwanza nilionja nchani, nikaandika "tamu" na kufurahi. Kumbe ukali hutengenezwa kwenye utando mweupe wa ndani unaoshikilia mbegu, na ncha inaweza kukudanganya. Nikarudia, safari hii karibu na kikonyo, ndani kabisa.

Mimea 8 ya kifuko: yote tamu. Ya gundi: miwili tamu, mmoja umenichoma vilevile kama lile tunda lililoanzisha mradi huu. Nafikiri tumba hilo lilikuwa limeshaanza kufunguka nilipolipaka, nilikuwa na haraka siku ile. Bahasha yake nimeitupa. Mmea wa nne wa gundi bado una tunda moja la kijani.