Ufilipino inavyombana wakala kabla mfanyakazi hajapanda ndege

Ukitaka kupima jinsi serikali inavyowajali raia wake walioko Uarabuni, usianzie ubalozini. Anzia kwa wakala wa ajira, kisha uulize: bosi akigoma kulipa mshahara, atalipa nani?

Ufilipino ililijibu swali hilo mwaka 1995 kwa Sheria ya Jamhuri namba 8042, iliyosainiwa Juni, miezi michache baada ya Singapore kumnyonga mfanyakazi wa nyumbani Mfilipino na nchi nzima kuwaka hasira. Wakala na mwajiri wanadaiwa kwa pamoja. Bosi wa Riyadh akiruka deni, wakala wa Manila analipa lote, na dhamana aliyoweka alipoomba leseni ipo kwa kazi hiyo. Kifungu hiki, kwa maoni yangu, kina nguvu kuliko hotuba zote za mabalozi.

Mengine yote yanafuata hapo. Ofisi ya kazi ya Ufilipino katika nchi anayokwenda mfanyakazi hukagua mkataba kwanza. Mwaka 2006 waliweka kima cha chini cha dola 400 kwa mwezi kwa wafanyakazi wa nyumbani, na wakapiga marufuku wakala kuwatoza ada ya kuwatafutia kazi. Kwa kazi nyingine nyingi, ada isizidi mshahara wa mwezi mmoja. Wakala pia hulipia bima kutoka mfukoni mwake: dola 15,000 kwa kifo cha ajali, 10,000 kwa kifo cha kawaida, 7,500 kwa ulemavu wa kudumu, pamoja na gharama za kurudishwa nyumbani. Mfuko wa ustawi, OWWA, una mchango wa dola 25 kwa mkataba. Baada ya semina ya kabla ya safari hutolewa cheti cha ajira ya ng'ambo, OEC, kinachodumu siku 60. Afisa wa uhamiaji asipokiona uwanja wa ndege, mfanyakazi hasafiri.

Mfumo huvuja wapi? Kwanza, kwa wanaoondoka na visa ya utalii na kuunganisha nchi ya tatu. Hao hawana OEC wala bima, na hakuna wakala wa kudaiwa.

Pili ni kubadilishiwa mkataba. Mtu anafika, anawekewa karatasi ya Kiarabu yenye mshahara mdogo, anaambiwa weka sahihi. Sheria inalihesabu hilo kuwa uajiri haramu, lakini bila nakala ya mkataba wa kwanza kesi ni ngumu. Picha iliyo kwenye simu pekee haisaidii simu ikichukuliwa, ndiyo maana makubaliano ya Ufilipino na Kuwait ya Mei 2018 yalitaja wazi kwamba pasipoti na simu zibaki kwa mfanyakazi. Itume nakala kwa barua pepe, nyingine iache nyumbani.

Penye wafanyakazi 20,000 au zaidi, sheria inataka kituo cha msaada kilicho wazi saa 24. Ila kitanda kwenye kituo hicho cha ubalozi si kibali cha kutoka nchini. Saudia, bosi akishamripoti mtu kuwa ametoroka (kwa Kiarabu, huruub), faili hilo lazima lishughulikiwe kwanza. Wengine hukaa humo miezi.

Kenya nayo ina meno kwenye karatasi. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa nje uidhinishwe na afisa wa leba, naye asiidhinishe kabla ya kuridhika kwamba hukulazimishwa wala kudanganywa, na kwamba afya yako inaruhusu. Mwajiri asiyeishi Kenya anatakiwa kutoa dhamana yenye wadhamini wakaazi wa Kenya. Hili la mwisho halisikiki sana kwenye ofisi za mawakala. Kabla ya kutoa shilingi, hakikisha wakala ana leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, kisha omba kuona idhini ya afisa wa leba kwenye mkataba wako wewe, wala si ule wa mwenzako aliyeondoka mwezi jana.