Dola 1,840 za gari la wagonjwa, na shoga yangu wa Chicago

Dola 1,840. Gari la wagonjwa tu hilo, mwendo usiofika kilomita tano. Kwetu Tanga bajaji ingenifikisha hospitali ya Bombo kwa hela mnayoijua. Siku mbili baadaye ikaja bili ya hospitali, dola 4,310: picha, plasta, magongo.

Niliteleza kwenye barafu kituoni Januari, natoka zamu ya usiku hapa Minneapolis, kifundo cha mguu kikavunjika. Kazi yenyewe ni ya masaa, usipoingia, hulipwi. Nikaandika kwenye grupu la ukoo. Pole zikamiminika, halafu chini yake: "Dada, ule mchango wa sendofu unatuma lini?" Liliniuma kuliko mguu. Mama sikumwambia, presha yake naijua.

Shoga yangu yuko Chicago. Bwenini tulilala dabodeka moja miaka minne, yeye juu, mimi chini. Nilimtumia sauti tu, wala sikumwomba kitu. Kesho yake jioni mlango ukagongwa: kakaa kwenye basi masaa nane, mkononi chupa ya uji wa ulezi na mfuko wa dagaa. Kabadilishana zamu na watu watatu ili aje. Akaniosha ule mguu usio na plasta, akaupaka mafuta, kisha akamwaga barua zote sakafuni akazipanga kwa tarehe.

"Hii hatulipi leo, shoga. Kwanza tunauliza."

Mnaotaka kuja, lishikeni hili: Marekani, hospitali zisizo za kibiashara zinabanwa na sheria ziwe na utaratibu wa kuwapunguzia bili wenye kipato kidogo. Ombeni bili yenye mchanganuo, ombeni na fomu ya msaada. Miaka sita niko hapa sikuyajua hayo. Nimeyajua kwa sababu yeye aliweka simu spika juu ya kochi, tukangoja dakika arobaini, huku ananisuka twende kilioni. Nywele zangu zilikuwa hazijaguswa wiki tatu.

Jumapili usiku akaondoka, Jumatatu ana zamu.

Jana barua imekuja: ya hospitali imeshuka hadi dola 1,100. Ya gari nalipa 60 kila mwezi. Nilimpigia yeye hata bahasha sijaiweka chini, tukalia wote wawili. Mama nimempigia leo asubuhi.