Jagi moja, seti tatu za rangi za maji

Kwa muda mrefu nilikuwa na seti tatu za rangi za maji na sikujua nishike ipi. Moja ilikuwa ya vidonge vikavu 36. Nyingine ilikuwa ya vidonge 12 vya daraja la wanafunzi. Ya tatu ilikuwa na tyubu sita tu, daraja la wasanii. Nilianza kwa kupaka kila rangi mraba wake mdogo, na seti kubwa ikashinda papo hapo: rangi tele, zote zinang'aa. Nikaiamini. Wiki zilizofuata kila picha niliyochora kwa seti hiyo ilitoka imepauka, na nikadhani tatizo ni mkono wangu.

Ndipo nilipoamua kuchora kitu kimoja mara tatu: jagi la udongo, jani bichi kando yake, na kivuli chake mezani. Awamu ya kwanza niliiharibu mwenyewe. Karatasi ya pamba iliniishia, jagi la tatu nikalimalizia kwenye karatasi nyembamba ya kuchorea penseli. Ilijikunja, maji yakatuama, na nilikaribia kuilaumu rangi isiyo na kosa. Nikaanza upya na karatasi moja ya gramu 300 kwa mita mraba, nikaikata vipande vitatu. Brashi ikawa ile ile kwa majagi yote, na kila nilipobadili seti nilibadili maji pia.

Kivuli ndicho kilichosema ukweli. Mimi kijivu hukipata kwa kuchanganya buluu ya ultramarini na hudhurungi iliyochomwa. Kwa rangi za tyubu kijivu hicho kilikuwa hai: chembe za buluu zilitulia kwenye vishimo vya karatasi, hudhurungi ikajitenga kidogo pembeni, na kivuli kikawa na hewa ndani yake. Kwa seti kubwa nilipata tope lenye maziwa. Nilipochunguza maandishi nikaelewa. Kila tyubu ilikuwa na pigmenti moja, yaani unga mmoja unaotoa rangi, na msimbo wake umeandikwa: PB29 kwa buluu na PBr7 kwa hudhurungi. Seti kubwa haikuandika chochote, na ule weupe uliojitokeza kila nilipochanganya ulinifanya niamini kuwa rangi nyeupe imetiwa humo tangu mwanzo. Peke yake, juu ya mraba, rangi ya namna hiyo hupendeza. Ukichanganya tatu, mwanga wa karatasi haupiti tena. Na ilikuwa na kijani za aina saba, lakini hakuna hata moja iliyofanana na jani lile!

Seti ya wanafunzi ilinishangaza kwa uzuri. Rangi za maji zote hufifia kidogo zikikauka. Hizi zilififia zaidi, hivyo kivuli nilikipaka mara mbili. Nilipozoea kunyunyizia vidonge maji na kusubiri dakika moja kabla ya kuchovya brashi, zilitoka nzito vya kutosha. Kwa mazoezi ya kila siku ninaipendekeza bila kusita.

Nilibaki na jaribio moja, la mwanga. Nilipaka mistari ya kila seti, nikafunika nusu kwa kadibodi nene na kuibandika kwenye kioo cha dirisha kwa miezi mitatu. Nilipofunua, waridi ya seti kubwa ilikuwa imechujuka karibu yote. Nyekundu iliyoiva ya seti ya wanafunzi nayo ilipungua, na pembeni yake palikuwa pameandikwa PR83, pigmenti inayojulikana kwa kutostahimili jua. Hiyo iliniuma, maana nilikuwa nimempa rafiki picha iliyojaa rangi hiyo. Nafasi yake nimeweka PV19, pigmenti inayostahimili jua zaidi.

Sasa picha ninazotaka zidumu nachora kwa zile tyubu sita. Rangi hizi hushikwa na gundi ya mgunga, ambayo hata ikikauka huyeyuka tena ikiguswa na maji, kwa hiyo nilitoa vidonge vya ile seti kubwa, nikaosha visahani vyake, nikakamulia rangi za tyubu humo na kuziacha zikauke. Sanduku lake lina kifuniko kipana chenye nafasi nzuri ya kuchanganyia, na visahani 30 bado ni vitupu.