Kutu Niliyoipeleka Kunduchi

Mwaka 2011, nikiwa na miezi minane tu ya uanagenzi katika karakana moja ya Gerezani, Dar es Salaam, nilikabidhiwa kazi ya kusawazisha mishono ya kulehemu kwenye reli za ngazi za nyumba moja ya Kunduchi, hatua chache kutoka baharini. Mabomba yalikuwa ya stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu kirahisi, na mimi niliyezoea mageti na madirisha ya chuma cha kawaida niliona kwamba kazi ni ileile. Nilichukua grinda ndogo pamoja na jiwe lililokuwamo, ambalo asubuhi hiyohiyo lilikuwa limesaga geti, nikaanza.

Wiki ya tatu baada ya kufunga reli hizo, mwenye nyumba alipiga simu. Tulipofika tulikuta kila mshono umezungukwa na vitone vya hudhurungi, nami nikawahi kusema kwamba tumeuziwa mabomba bandia. Mzee, fundi aliyenifundisha, hakunijibu. Alisugua doa moja kwa kidole gumba, akatazama sehemu ya katikati ya bomba, ambako hapakuwa na doa hata moja, kisha akauliza, "Mwanangu, jiwe lile lilikuwa limesaga nini kabla?"

Nilimweleza, naye akanifafanulia palepale kwenye ngazi. Stenlesi haishiki kutu kwa sababu ya kromi, metali iliyochanganywa ndani yake, isiyopungua asilimia 10.5 na inayofikia kama 18 katika daraja la 304 tulilotumia. Kromi hiyo ikikutana na hewa hujifanyia utando mwembamba usioonekana kwa macho, nao ndio unaokilinda chuma. Jiwe langu lilikuwa limebeba chembe za chuma cha geti na kuzikandamiza ndani ya bomba, na upepo wa chumvi ukamalizia. Kutu ile, kwa maneno mengine, niliibeba mwenyewe kutoka Gerezani.

Kosa la pili lilionekana kando ya mishono, palipokuwa na rangi ya manjano iliyoishia kwenye buluu. Nilikuwa nimekandamiza grinda mahali pamoja kwa muda mrefu, ilhali stenlesi husambaza joto polepole sana ikilinganishwa na chuma cha kawaida, hivyo joto hubaki palepale na kupaunguza. Chini ya buluu ile kromi huwa imepungua, na wanafunzi wengi, nikiwamo mimi wakati ule, huiona kuwa pambo.

Marekebisho yalichukua siku mbili. Mzee alinunua diski mpya za msasa, zilizoandikwa kwamba hazina chuma, salfa wala klorini, akanionyesha kuanza na msasa mkali wa namba 60, kisha 80, kisha laini zaidi wa 120, nikiisogeza grinda bila kuilalia na nikibadilisha mwelekeo kila namba ili mikwaruzo ya awali ionekane ikiisha. Baada ya hapo tulipaka maji ya asidi ya sitiriki ili kuondoa chembe za chuma zilizobaki, tukasuuza kwa maji baridi mengi na kukausha kwa kitambaa safi. Alinivua pia leso niliyojifunga puani, akanipa barakoa ya chujio na miwani iliyofunika pembeni, kwa kuwa vumbi la stenlesi lina kromi na nikeli, ambavyo si vya kuvuta kifuani.

Siku ya pili ilibidi tukate kipande kimoja kilichoungua kupita kiasi. Jiwe la kukatia la grinda ndogo lilikuwa limekwisha, nami, kwa haraka ya kutaka kujisafisha, nikafungua kinga ya grinda ili nifunge jiwe la milimita 180 la grinda kubwa. Sikuwahi kuwasha, Mzee alichomoa waya ukutani. Aliniamuru nisome kwa sauti namba ya kwenye jiwe, yaani kasi ya juu kabisa linayoihimili bila kupasuka, mizunguko 8,500 kwa dakika, kisha kasi iliyoandikwa kwenye mashine, 11,000. Nilizisoma mara mbili. Hakuna alichoongeza, akaenda mwenyewe dukani kununua jiwe dogo.

Mwenye nyumba hakudaiwa chochote. Gharama ya diski ilikatwa kwenye posho yangu, na zilizobaki zikawekwa katika kopo lililopakwa rangi nyekundu, ambalo kuanzia siku hiyo nililitunza mimi, na fundi yeyote aliyelitaka, hata wale walionizidi umri, alilazimika kuniambia kwanza anakwenda kusaga nini.